Milango Minne ya Baba Mkwe

Baba mkwe hakupiga hodi. Alisimama mlangoni na begi lake la safari mkononi, akakohoa kikohozi kizito cha mtu aliyezoea kupishwa njia, akangoja nyumba ijue yenyewe kwamba amefika. Mhandisi, aliyekuwa amejinyoosha sebuleni na fulana yenye tundu kwapani, aliruka kutoka kwenye kochi kama mtu aliyekalia sindano. Na huenda kweli aliikalia, maana mkewe alikuwa fundi cherehani, na sebule hiyo ndiyo iliyokuwa karakana yake.

"Shikamoo, baba!"

"Marahaba, mkwe. Vaa shati."

Fundi alitoka jikoni akifuta mikono, akamkumbatia baba yake, halafu akalitazama lile begi.

"Baba, si nilisikia wajumbe wote mmepangiwa hoteli?"

"Wenzangu wako hotelini. Mimi nitalalaje hotelini kwenye mji ambao nina mtoto? Watu si wataniuliza mmenikosea nini?"

Kesho yake ulikuwa unaanza mkutano wa nchi tatu zinazotumia mto mmoja. Nchi ya Mhandisi ilikuwa juu, penye bwawa. Ya pili ilikuwa katikati. Ya tatu, alikozaliwa Fundi, ilikuwa chini kabisa, kwenye mashamba ya mpunga, mahali mto unapochoka na kuanza kutambaa. Serikali zote tatu zilikuwa zimetupiana lawama kila masika na kila kiangazi mpaka zikaishiwa maneno, ndipo zikaunda Tume ya Bonde ili zikae meza moja, zipange pamoja maji ya kuachiliwa kila msimu. Baba mkwe, bwana shamba mstaafu na sauti ya wakulima wa mpunga, alikuwa ndiye kiongozi wa ujumbe wa nchi ya chini. Na mtu aliyeteuliwa kujibu hoja zake kwa niaba ya nchi ya juu alikuwa Mhandisi.

Mhandisi alikuwa amelijua jambo hilo tangu barua za mwaliko zilipotoka, na hakumwambia mtu yeyote kazini kwamba yule mzee ni mkwewe. Alichofanya ni kuomba kimoyomoyo mzee apate mafua. Mafua tu, hakumtakia makubwa.

Wakati wa chakula Fundi aliweka sharti. "Humu ndani hakuna mto. Nyie mkishavuka kizingiti, mmoja ni baba yangu na mwingine ni mume wangu, basi."

Wakakubali. Wakajaribu kuzungumzia hali ya hewa, hali ya hewa ikawapeleka kwenye mvua, na mvua ilipokaribia kuwafikisha bondeni Fundi akagonga kijiko kwenye sahani. Wakahamia kwenye mpira. Mzee akasema timu yao ilifungwa kwa sababu uwanja ulijaa maji. Kijiko kikagonga tena. Wakala kimya, kila mtu akiutazama wali wake kana kwamba nao ni mjumbe.

Mzee alipewa chumba cha wenye nyumba. Mhandisi na mkewe walitandika sebuleni, kati ya magauni ya maharusi na sare za shule, na asubuhi Mhandisi aliamka na nyuzi nyekundu zimemganda shavuni. Bafu lilikuwa limekaliwa. Baba mkwe alikuwa mtu wa kuoga kwa utulivu, akiimba, na hakuna mkwe duniani awezaye kumgongea baba wa mkewe mlango wa bafu. Mhandisi akanawa uso kwenye bomba la jikoni, akapiga mswaki dirishani, majirani wakimpungia mkono.

Kwenye gari mzee alikaa mbele. Walipokaribia ukumbi akasema, "Nishushe hapo kwenye kona. Watu wasije wakasema nimekuweka mfukoni."

"Au mimi nimekuweka wewe, baba," alisema Mhandisi, halafu akataka kuyameza maneno yake.

Mzee alimtazama. "Wewe? Hilo hawatalisema."

* * *

Ukumbi ulikuwa na meza ya mviringo, bendera tatu ndogo na vipaza sauti visivyofanya kazi. Ndiyo maana Mkurugenzi wa Maji, bosi wake Mhandisi, aliisoma hotuba yake ndefu ya ufunguzi kwa kupaza sauti, na ilipofika saa ya chai sauti hiyo ilikuwa imekauka kabisa. Alirudi mezani akinong'ona kama mtu anayepiga umbea kanisani. Ikabidi kila anachotaka kusema amnong'oneze Mhandisi, na Mhandisi akiseme.

Aliyeongoza kikao alikuwa mama mmoja wa makamo kutoka nchi ya katikati, mcheshi, mwenye miwani inayoning'inia kifuani. Kila mtu alimwita Mama Mwenyekiti.

"Karibu mzee wa chini," alisema. "Tueleze mnachotaka wakati wa masika."

Baba mkwe alisimama. Alirekebisha koti lake, akauzungushia macho ukumbi mzima. "Tunataka masika yanapoanza, bwawa lifungue milango yote minne. Na ibaki wazi mpaka mvua zikatike."

Minong'ono ikazuka. Mhandisi alilijua bwawa hilo kama kiganja chake. Milango yote ikifunguliwa masika, mashamba ya mpunga yatafagiliwa mpaka baharini, la mzee mwenyewe likitangulia, na kiangazi kitalikuta bwawa limekauka kama sufuria iliyosahauliwa jikoni.

Mkurugenzi alimvuta sikio. "Mwambie huo ni wendawazimu," alinong'ona.

Mhandisi alisimama. Macho yake yakakutana na macho ya baba mkwe, macho yaleyale yaliyomtazama siku alipokwenda kuposa akamwagia wazee chai.

"Mkurugenzi anamshukuru mzee," alisema, "kwa... kwa upana wa mawazo yake."

"Mwambie hapati milango minne hata akilia machozi ya damu!" alinong'ona Mkurugenzi, mishipa imemtoka shingoni.

"Anaongeza kwamba hoja hii imemgusa sana."

Mama Mwenyekiti alivaa miwani. "Imemgusa. Kwa hiyo hamna pingamizi?"

Hapo ndipo mtu yeyote mwenye akili zake angesema hapana. Mhandisi alifungua kinywa. Baba mkwe alikuwa ameinua kidevu, anasubiri, na kwa jinsi alivyosubiri Mhandisi aliona kabisa kwamba atakayelikata neno la mzee huyu mbele za watu hatakanyaga tena nyumbani kwake.

"Kwa sasa," alisema, "hatuna pingamizi."

Wajumbe wa nchi ya chini walitazamana, kisha mmoja wao akapiga makofi. Baba mkwe peke yake hakufurahi. Alibaki amesimama, mdomo wazi, kama mtu aliyesukuma mlango kwa nguvu akakuta haukufungwa.

Kikao kilipoahirishwa, Mkurugenzi alimbana Mhandisi kwenye korido. Kukemewa kwa kunong'onezwa ni kubaya kuliko kukemewa kwa kelele, kwa sababu inabidi umsogelee anayekukemea.

"Wamekuhonga?"

"Hapana, bosi."

"Basi umerogwa. Sikiliza. Kesho asubuhi hoja inarudi kupitishwa. Usipompinga yule mzee, utakwenda kusoma mita za maji majumbani kwa watu, na mbwa wao wote utawajua kwa majina."

* * *

Jioni hiyo hakuna aliyegusa rimoti ya televisheni. Mhandisi alikaa pembeni ya kochi, mzee kwenye kiti chenye mikono, na Fundi katikati yao kwenye cherehani, akishona pindo la gauni.

"Binti yangu," alisema mzee, bila kumtazama mkwewe aliyekuwa karibu naye kabisa, "mumeo anaumwa?"

Fundi alisimamisha cherehani. "Baba anauliza kama unaumwa."

"Mwambie baba mimi ni mzima."

"Anasema ni mzima."

"Muulize basi, mtu mzima wa afya, mhandisi, aliyesomea maji, anakubalije milango minne?"

Fundi aligeuka taratibu. "Umekubali milango minne? Yote? Unataka kumzamisha shangazi yangu?"

"Baba ndiye aliyeomba!" alisema Mhandisi. "Mwambie yeye ndiye aliyeomba!"

"Mwambie ukienda sokoni ukataka kitu kimoja, unaanza kwa kumwambia muuzaji bei gani?" alisema mzee, sasa sauti imempanda. "Nilitaka milango miwili. Mtu akitaka miwili anaomba minne, anajibiwa mmoja, watu wanagombana, wanafika kwenye miwili, wanapeana mikono. Hivyo ndivyo mambo yanavyokwenda! Mimi nimeomba minne, yeye kanipa minne! Wenzangu wameshapiga simu nyumbani, waziri ametuma pongezi, wanasema mimi ni simba. Simba atakayezamisha watu wake mwenyewe!"

"Si uiondoe hoja yako, baba?" alisema Fundi.

"Niiondoe? Nikawaambie nini? Kwamba nilikuwa natania? Mwambie mumeo lazima kesho anipinge."

"Anasema lazima umpinge."

"Mwambie siwezi. Ni baba yangu."

"Anasema hawezi, wewe ni baba yake."

"Mwambie basi mimi kama baba yake namwamuru anipinge."

"Mwambie nikimpinga kwa sababu ameniamuru nitakuwa namtii, na kila mtu ataona usoni kwangu kwamba namtii."

Fundi alifungua kinywa kufikisha ujumbe huo, akakifunga. Akachomoa gauni kwenye cherehani, akalikunja, akachukua taulo lililokuwa limeanikwa kwenye kamba ya dirishani.

"Mimi nakwenda kuoga," alisema. "Nitaoga kama anavyooga baba. Nikitoka niwakute mnazungumza kwa midomo yenu."

Mlango wa bafu ukafungwa. Wanaume wawili wakabaki wanaitazama cherehani. Ukiacha ile safari fupi ya gari, ilikuwa mara ya kwanza tangu ndoa ifungwe kuachwa peke yao chumba kimoja bila mtu wa kupitishia maneno, na kila mmoja aligundua kwamba hajui mikono yake aiweke wapi.

"Basi," alisema mzee hatimaye. "Sema hapana."

"Sasa hivi?"

"Jaribu."

"Hapana, baba," alisema Mhandisi, kwa sauti ya mtu anayekataa kuongezewa chai.

"Bila 'baba'."

"Hapana... mzee."

"Unanibembeleza? Simama! Piga meza!"

Mhandisi alipiga meza. Kopo la vifungo likaruka, vifungo vikamwagika sakafu nzima. "Hapana!" alifoka, akajishangaa mwenyewe. "Milango minne haiwezekani!"

"Kwa nini haiwezekani?" alifoka mzee naye.

"Kwa sababu ni upuuzi!"

Mlango wa bafu ulifunguka kwa kishindo. Fundi alitokea na taulo, povu kichwani mpaka nyusini, akiwa ameshika ndala mkononi kama silaha. "Mnapigana? Baba! Nyie mnapigana?"

Aliwakuta wote wawili wamepiga magoti, wanaokota vifungo.

* * *

Asubuhi ukumbi ulijaa. Sauti ya Mkurugenzi ilikuwa bado haijarudi, na shingoni alikuwa amezungusha skafu. Mama Mwenyekiti aliisoma hoja ya milango minne, akauliza kama kuna mwenye neno kabla haijapitishwa.

Mhandisi alisimama. "Sisi tunapinga," alisema, na akapiga meza, kama walivyofanya mazoezi. Bendera ndogo ya nchi ya katikati ikaanguka. Mama Mwenyekiti akaisimamisha. Mhandisi akaeleza yote: maji yatakuwa mengi kiasi gani, yatafika wapi, kiangazi bwawa litabaki na nini. Alieleza vizuri. Mkurugenzi alitikisa kichwa kwa furaha mpaka skafu ikafunguka.

Baba mkwe alijibu kama walivyopanga. Alijifanya kukasirika, akashuka hadi milango mitatu. Mhandisi akasema mmoja. Mzee akasema miwili. Hapo Mhandisi alitakiwa akubali, mambo yaishe. Lakini shujaa wetu alikuwa ameanza kuuonja utamu wa kukataa, na ulimi ukamteleza.

"Hata miwili ni mingi kwa watu wasiojua kujipanga," alisema. "Kila masika tukifungua maji mnalia, tukifunga mnalia. Mngelima juu kidogo kwenye mwinuko, haya yote yasingekuwepo."

Hayo hayakuwemo kwenye mazoezi. Mzee aliposimama, hasira yake haikuwa ya kuigiza.

"Kujipanga," alisema taratibu. "Mwaka juzi mlifungua milango bila kutuambia neno. Maji yalitukuta shambani, jembe mkononi. Mdogo wangu alikaa juu ya paa na mbuzi wake mpaka siku ya pili, wale mbuzi wakala nyasi zote za paa, akabaki amekalia miti. Tungejipangaje? Mlimpigia simu nani? Huyu," akamnyooshea Mhandisi kidole, "huyu anayetufundisha kujipanga ni mkwe wangu! Amemwoa binti yangu! Nimelala kitandani kwake, nimekula wali wake. Hata huyu hakunipigia!"

Ukumbi mzima uligeuka. Mkurugenzi alimtazama Mhandisi, akamtazama mzee, akamtazama tena Mhandisi, na macho yakamtoka pima. Mhandisi alitamani ardhi ipasuke immeze. Ardhi haikupasuka, ikabidi aseme.

"Nilikuwa zamu siku ile," alisema. "Nilishika simu nitafute namba yako, baba, nikaiweka. Tumekatazwa. Kanuni yetu inasema habari za bwawa zisivuke mpaka. Nikampigia mke wangu, nikamwambia awapigie awajulie hali. Nilitumaini akiwapigia mtatoka nje kutafuta mtandao, mtauona mto. Yeye akafurahi, akasema siku hizi nimekuwa mkwe mwema."

"Alipiga," alisema mzee kwa sauti ndogo. "Tulizungumza harusi ya binamu yake."

Mkurugenzi alimvuta Mhandisi kwa nguvu, akamnong'oneza. Mhandisi alisikiliza mpaka mwisho, akageukia ukumbi, na kwa mara ya kwanza tangu mkutano uanze akatafsiri neno kwa neno.

"Mkurugenzi anasema nikae chini mara moja, na kwamba kufunguliwa kwa bwawa ni siri ya serikali."

"Siri!" alisema mzee. "Maji yamenifika kiunoni, yamebeba kuku wangu na viatu vya kanisani, halafu ni siri?"

Mtu mmoja alicheka. Wa pili akajaribu kujizuia, akashindwa, na mara ukumbi wote ulikuwa umeangua kicheko, pamoja na ujumbe wa juu. Mama Mwenyekiti alivua miwani akafuta machozi.

"Jamani," alisema, "siku mbili nzima tunagombea milango, kumbe ugomvi ni wa simu. Na sisi wa katikati pia hamtupigii. Kivuko chetu kilizama mwaka huohuo, tukadhani ni uzito wa mzigo wa nazi." Akamgeukia Mkurugenzi. "Ndugu yangu, milango miwili, na simu kabla ya kila kufungua. Unasemaje?"

Mkurugenzi aliwatazama watu wote waliokuwa wakimtazama. Alinong'ona kitu kifupi.

"Anasema sawa," alisema Mhandisi. "Na anaomba maji ya moto."

"Na atakayepiga simu awe nani?" aliuliza mjumbe mmoja wa chini.

"Apige huyuhuyu mkwe," alisema Mama Mwenyekiti. "Akisahau, yupo mtu nyumbani kwake wa kumkumbusha."

* * *

Fundi alisimuliwa yote jioni. Alikuwa akipasi gauni, na aliendelea kulipasi sehemu ileile mpaka Mhandisi akaogopa litaungua.

"Siku ile," alisema mwishowe, "ungeniambia."

"Ungepiga kelele nchi nzima ikasikia."

"Ndiyo. Ningepiga. Na baba mdogo asingelala na mbuzi."

Mhandisi aliuchukua mwiko, akaenda kugeuza chakula.

Baba mkwe aliondoka asubuhi iliyofuata, mapema, kabla jua halijakaza. Safari hii hakushushwa kwenye kona. Mkwewe alimbebea begi mpaka mlangoni pa basi la wajumbe, mbele ya macho ya watu wote. Kabla ya kupanda alitoa simu yake, akaishika mbali na uso kama wafanyavyo wazee.

"Namba yako ni ngapi?"

Mhandisi alishtuka. Miaka yote hiyo hawakuwahi kupeana namba. Kila neno la simu lilipita kwa Fundi. Akaitaja. Mzee aliiandika kwa kidole kimoja, akaijaribu papo hapo, na simu ya Mhandisi ikalia mfukoni ilhali wamesimama uso kwa uso. Akaipokea.

"Haloo?"

"Inasikika," alisema mzee, akapanda basi.

* * *

Masika yalichelewa, kisha yakaja yote kwa mpigo. Asubuhi moja ya mawingu mazito Mhandisi alisimama kwenye chumba cha udhibiti bwawani, akitazama maji yakipanda alama baada ya alama. Aliagiza milango miwili iandaliwe. Akapiga simu nchi ya katikati, ikapokelewa, wakashukuru. Kisha akaliandaa koo lake, akapiga ya pili.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba! Nani? Mkwe?"

"Ndiye mimi, baba. Habari za huko? Mama hajambo? Na mguu wake? Watoto wote wazima? Baba mdogo naye anaendeleaje? Tumesikia binamu amejifungua, hongera sana, mama na mtoto wote..."

"Mkwe!" ilifoka simu. "Umefungua maji?"

"Ndio tunataka kufungua, baba."

"Sasa mguu wa mama yako unahusu nini? Sema maji!"

"Milango miwili, baba. Tunafungua saa hii. Kwenu yatafika kesho jioni."

Kulikuwa na kishindo upande wa pili, simu imewekwa chini bila kukatwa. Mhandisi alisikia mzee akiita watu kwa majina, mlango ukibamizwa, mbuzi wakilalamika, mwanamke akiuliza magunia yapelekwe wapi na kujibiwa juu, juu kabisa. Alingoja. Nje, milango ilianza kuinuka na sakafu ya chumba ikatetemeka chini ya miguu yake. Bado alingoja, simu sikioni, maana mkwe hakati simu kabla ya baba.

Baada ya muda mrefu hatua zilirudi, nzito, na pumzi ya mtu aliyekimbia.

"Bado upo?"

"Nipo, baba."

"Mbuzi wamepanda. Magunia yanapanda. Mdogo wangu mwenyewe ndiye anayewahimiza." Mzee alihema. Kiti kililia, ameketi. "Haya. Sasa nisalimie vizuri."

Mhandisi akaanza upya, tangu shikamoo.